KIJANA, DAI HESABU YA MWAMBA KWANZA!

Ndugu yangu kijana wa Mwanjelwa na Kihesa, wewe uliyekosa ajira mjini na sasa unafunga virago kufuata dhahabu ya Chunya, simama kidogo. Nina swali moja tu. Huyo anayekushusha shimoni, ameupigia hesabu mwamba utakaokaa juu ya kichwa chako?

Duara likiporomoka na kuua, tumezoea kuambiwa ni kazi ya Mungu. Uongo mtupu! Mungu asisingiziwe. Mwamba una nguvu zake na una mzigo wake, na vyote viwili vinahesabika.

Tazama Afrika Kusini. Januari 21, 1960, mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook uliporomoka na kufukia wachimbaji 435. Miili yao iko huko huko mpaka leo. Makaa ya juu yalikuwa yamekwanguliwa, nguzo zikarefuka bila kunenepa. Sehemu moja ilikwisha kuanguka Desemba 28, 1959, lakini kazi ikaendelea! Baada ya msiba, wataalamu Salamon na Munro walichunguza nguzo zilizosimama na zilizoanguka, na mwaka 1967 wakatoa kanuni. Kwa kanuni hiyo, nguzo ya makaa ikirefushwa mara mbili bila kuongezwa upana, inapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu zake.

Leo kompyuta inafanya makubwa zaidi. Inaugawa mwamba katika vipande maelfu, inakipa kila kipande uzito na ugumu wake, kisha inaondoa sehemu mnayotaka kuchimba na kuonyesha wapi patavunjika. Lakini kompyuta si mganga. Ukiilisha vipimo vya uongo, itakutemea uongo wenye rangi nzuri. Wala kupima hakuishi siku ya kwanza. Pale Northparkes, Australia, Novemba 24, 1999, mwamba ulioning'inia juu ya uwazi mkubwa ulianguka kwa mkupuo, upepo wake ukaua watu 4.

Kwetu je? Mgodi wa Kiwira ulizinduliwa 1988, ukabinafsishwa miaka ya 2000, ukarudi serikalini. Kelele zilizotawala zilikuwa za nani kauziwa na kwa bei gani. Za nguzo na dari ulizisikia wapi?

Serikali inakata mrabaha kwenye dhahabu. Sawa. Basi sehemu ya fedha hiyo ilete mhandisi na vipimo mpaka kwenye maduara. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kipo hapo hapo Mbeya. Vijana wake wapewe kazi hiyo. Na majibu yasifungiwe kabatini kwa wakubwa! Yabandikwe mdomoni mwa shimo, kwa Kiswahili: hapa salama, hapa hatari, nguzo hii haiguswi.

Ukinyimwa hesabu hiyo, ndugu yangu, usishuke. Dhahabu haiozi, itakungoja. Mama yako hana kijana mwingine wa akiba.