Kyela wamepimwa akili, majibu yako wapi?

Mtu akienda hospitali akatolewa damu, hukaa kwenye benchi kusubiri majibu. Asipopewa atagomba, na hakuna atakayemlaumu. Lakini mtu huyo huyo akifuatwa nyumbani na mtafiti, akaulizwa maswali mia na kitu juu ya usingizi wake, huzuni zake, ndoa yake na marehemu wake, mtafiti akishasema "ndaga fijo" na gari likaondoka, basi. Majibu yanakwenda yanakojua wenyewe.

Mwambao huu wa kaskazini ya Ziwa Nyasa haukuanza kuulizwa jana. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Mwingereza Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi na Wanyakyusa, wakajifunza lugha, wakakaa misibani. Mojawapo ya mambo makubwa waliyoambiwa ni la akili: kwamba mfiwa asiyefanyiwa mila za msiba ipasavyo yuko hatarini kupata wazimu, na kwamba vitendo vya ovyo vinavyofanywa makusudi wakati wa mila hizo ni kinga ya kichaa cha baadaye. Wazee wa hapa walikuwa na nadharia yao kamili juu ya huzuni na ugonjwa wa akili. Iko wapi leo? Katika kitabu cha Kiingereza juu ya mila za ukoo, kilichochapwa London mwaka 1957. Mjukuu wa mzee aliyehojiwa akitaka kukisoma inabidi kwanza ajue Kiingereza cha chuo kikuu, kisha apate nauli ya kwenda kwenye maktaba kubwa.

Tusidhani huo ulikuwa ukoloni na sasa umekwisha. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2011 wananchi wa Kyela walifuatiliwa na watafiti wa Mbeya wakishirikiana na wenzao wa Munich, Ujerumani. Ilionekana kwamba wenye minyoo ya matende mwilini waliambukizwa virusi vya UKIMWI karibu mara mbili ya wasio nayo. Habari nzito namna hiyo ilitolewa mwaka 2016 katika jarida la madaktari la Uingereza. Ndugu msomaji, nenda Ipinda, nenda Ngonga, nenda Matema siku ya gulio, uulize wangapi wamewahi kuisikia.

Turudi kwenye akili. Mwaka 2003 Daktari Ngoma na wenzake walitangaza walichokiona Dar es Salaam. Katika watu waliokwenda kwenye zahanati, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida, yaani huzuni iliyopitiliza, hofu na mengine ya aina hiyo. Kwa waganga wa kienyeji walikuwa asilimia 48. Karibu nusu! Na hao si vichaa wanaookota makopo. Ni mama mwenye genge, ni fundi baiskeli, anasema kichwa kinauma na moyo unamwenda mbio, anauza kuku kulipia hirizi. Angeambiwa mapema kwamba hali yake ina jina na ina tiba, pengine kuku wangebaki bandani.

Lakini jambo linalotukera zaidi ni kifafa. Kitaalamu ni ugonjwa wa ubongo, ila katika hospitali zetu mgonjwa wa kifafa hupanga foleni moja na wagonjwa wa akili, na kijijini hutengwa nao vilevile. Kule Mahenge, Morogoro, tangu miaka ya 1960 Daktari Louise Jilek-Aall aliandika jinsi wagonjwa walivyoogopwa, watu wakiamini kwamba povu la mdomoni linaambukiza. Haliambukizi. Anayeanguka motoni huachwa aungue kwa sababu ya uongo huo, na huku kwetu penye ziwa, mito na majaruba ya mpunga, anayeanguka majini huachwa anywe maji.

Sasa sikilizeni. Mahenge ni nchi ya usubi, yule inzi mdogo wa kwenye maji ya kasi, na bonde letu ni hivyo hivyo. Rungwe, Kyela na Ileje zimo katika eneo moja la usubi, na mito kama Mbaka na Kiwira inashuka kwetu kutoka huko milimani. Kameruni watoto walipimwa vimelea vya usubi kati ya 1991 na 1993. Walipofuatiliwa mwaka 2017, waliokuwa na vimelea vingi utotoni ndio waliokuwa wamepata kifafa zaidi. Mahenge nako, utafiti uliotolewa 2018 ulikuta vijiji vya ndani vina kifafa zaidi ya mara mbili ya vile vya karibu na mji. Kuanzia 2019 huko dawa ya usubi ikaanza kugawiwa mara mbili kwa mwaka, na wagonjwa wapya wa kifafa wakapungua sana. Vimelea vinaufikiaje ubongo, wataalamu bado wanabishana. Na kifafa kina vyanzo vingine pia: malaria kali, kuumia wakati wa kuzaliwa, tegu wa nguruwe.

Kwa miaka mingi watu wetu wamesimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu na kupewa Mectizan. Waliambiwa ni ya macho na upele. Wangapi waliitupa kichakani kwa kuwa macho yao yalikuwa mazima? Mama akijua kwamba kidonge kile huenda kinamkinga mwanawe na kifafa, hatakitupa.

Wakubwa wana jibu lao: eti wananchi hawataelewa takwimu, watapata hofu. Watu wanaopiga hesabu za gunia la mpunga, debe la kakao na riba ya mkopo washindwe kuelewa "mmoja kati ya wawili"? Hofu inaletwa na habari nusunusu, na magazeti yanayopamba ukurasa wa mbele kwa picha ya kichaa aliye uchi yana sehemu yao katika dhambi hiyo.

Kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, humtaka mtafiti apeleke taarifa wizarani na kwa waganga wakuu wa mkoa na wilaya kila miezi sita. Mwanakijiji aliyetoa damu hayumo katika masharti hayo. Aingizwe. Na taarifa zilizokwisha kufika wilayani zitolewe makabatini.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, hukaa kila miezi mitatu. Tunapendekeza ajenda ya kwanza iwe usubi na kifafa. Mganga mkuu wa wilaya aje mwenyewe, aseme kwa Kiswahili, na pawepo wa kutafsiri Kinyakyusa kwa ajili ya wazee. Aje pia na vidonge vya fenobabitoni, maana wagonjwa watajitokeza hapo hapo.