Usiuze kisu cha kugo kwa kilo

Ukienda ushago Mogogosiek likizo hii, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, pekua kwanza kopo la misumari la kugo, yaani babu. Huenda ukapata kisu kidogo cha kukunja kilicholiwa na kutu. Usikitupe kwenye mzani.

Visu vya aina hiyo vilitengenezewa wavulana: vidogo, vya bei nafuu, vya kuingia mfukoni. Vingi vilitoka Sheffield, Uingereza. Skauti nao walivipenda. Baden-Powell, aliyeanzisha skauti mwaka 1907, amezikwa hapa hapa Kenya, Nyeri. Kwa kijana wa malishoni kilikuwa kifaa cha kazi: kuchonga fimbo, kumenya muwa, kukata kamba.

Wewe huyo huyo unaenda Gikomba na kulipa pesa nzuri kwa jaketi kuukuu kwa sababu ni la kitambo. Mbona cha kwenu unakiuza kwa kilo?

Kukusanya visu hivi hakuhitaji mtaji. Soma jina lililopigwa kwenye bapa, karibu na mpini. Usikisugue kwa msasa, utalifuta. Kifute na ukipake mafuta kidogo. Kiache nyumbani, maana polisi wakikikuta mfukoni mwako tao, utajieleza sana.

Halafu muulize kugo alikipata wapi, akiwa na miaka mingapi, nani alimpa. Andika majibu kwenye simu yako leo. Kisu kinaweza kungoja miaka mingine hamsini. Kugo hawezi.