TAA YA INJINI NA MSHAHARA WA DEREVA



Dereva mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kwa sababu pikapu yake ya petroli iliwasha taa ya injini. Mashine ikasoma P0171. Tajiri akaambiwa sensa ya oksijeni imekufa. Ikanunuliwa mpya, na siku ya tatu taa ikarudi.

Namba hiyo haisemi ni kitu gani kilichoharibika. Yasema tu kwamba injini inapata hewa nyingi kupita petroli, na kompyuta imeongeza petroli mpaka kikomo chake. Sensa ya oksijeni mara nyingi ni shahidi aliyetoa habari. Kwa nini apigwe shahidi?

Fundi na atazame kwanza hesabu ya petroli inayoongezwa. Ikiwa kubwa injini inaponguruma pole pole, kisha ikapungua mafuta yakikanyagwa hadi mizunguko 2500 kwa dakika, basi yaelekea hewa inapenya mahali: mpira uliopasuka, au gasketi ya manifoldi. Ikizidi gari linapopanda mlima na mzigo, atazame pampu, filta, na sensa ya hewa iliyoshika vumbi (na barabara zetu twazijua). Gari la mwenzetu lilikuwa na mpira uliopasuka kwa uzee.

Je, uzee wa mpira ni kosa la dereva? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa hasara ya mali iliyoletwa na kosa la kusudi la mfanya kazi. La kusudi, ndugu zangu! Aliyekatwa bila kusudi na alete karatasi yake ya mshahara kwa mwakilishi wa chama.