Ruta Tumenunua, Programu Tunakodi?

Anunuaye ruta ya kampuni ya Cisco ya Marekani hudhani ameimiliki. Kumbe programu mpya za kuiendesha hapewi ila awe na mkataba wa huduma, nao hulipiwa upya kila muda wake ukimalizika. Hayo sisi tumezoea kuyaita unyonyaji. Ni kweli, kasoro ya usalama ikitangazwa, asiye na mkataba naye hupewa programu iliyorekebishwa, lakini sharti aiombe mwenyewe. Na nani katika ofisi zetu husoma matangazo hayo? MikroTik ya Latvia hutoa masahihisho yake bila ya mkataba. Tunawaomba ndugu wasimamizi wa zabuni za Serikali hapa visiwani: kabla ya kutia saini, waulize gharama ya mkataba kwa umri wote wa chombo. Wasipojibiwa kwa maandishi, wasinunue.