Kabla ya Kumlaumu Mtoto



Juzi PlayStation 4 ya nyumbani ilikataa kuonyesha DVD ya harusi ya binti yetu. Tukamgeukia kijana wetu mdogo kwa ukali, kwa kuwa ndiye aichezeaye sana. Alinyamaza, machozi yakimlenga.

Ghadhabu ilipotulia, tukafanya lililotupasa kuanza nalo. Tulitia diski ya mchezo, ikasomwa. Tukatia DVD nyingine, ikasomwa. Basi mashine haikuwa na dosari, wala lenzi yake. Tukaitazama diski ya harusi kwenye mwanga, tukaona alama za vidole vyenye mafuta ya halua. Tuliipangusa kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kuelekea ukingoni, wala si kwa kuzungusha, kwani mkwaruzo unaofuata mviringo huharibu mengi yaliyoandikwa kwa mfululizo. Picha ikarudi.

Yafaa mjue pia kuwa mashine hii haisomi kabisa CD za muziki. Na DVD ya filamu ya kanda ya 5, ambayo ndiyo kanda yetu Kenya, hukataliwa na mashine iliyouzwa Dubai, iliyo ya kanda ya 2. Hapo hakuna aliyeharibu kitu.

Ama alama zile, zilikuwa pana mno kuwa za mtoto. Zilikuwa zetu. Tulimwita mwanetu, tukamtaka radhi mbele ya mama yake. Haki huanza kwa kuchunguza. Sisi tulianza kwa hukumu.