Jina la Mtu Si Pambo la Picha

Wapo waonao kuwa picha kongwe ikiandikwa chini yake "machifu wa Crow", kazi imekwisha. Huo ni uvivu uliovishwa joho la elimu.

Mwaka 1880 viongozi sita wa watu hao wa Montana, Marekani, walifika Washington kujadiliwa ardhi yao na njia ya reli, na Charles Milton Bell akawapiga picha. Mmoja wao ni Medicine Crow, ambaye sura yake ilikuja kupamba hata bidhaa za madukani. Mnunuzi hakuhitaji kumjua. Mwingine, Plenty Coups, kwa lugha ya kwao ni Alaxchiiaahush, Mwenye Mafanikio Mengi. Hata neno "Crow", kunguru, ni tafsiri iliyopotoka: wenyewe ni Apsáalooke, wana wa ndege mwenye mdomo mkubwa.

Mnamo 2014 Wendy Red Star, msanii mzawa wa watu hao, alizitwaa picha hizo akaziandika kwa wino mwekundu: huyu ni nani, na vazi lake lasema nini. Elimu ya kabati la makumbusho ikakutana na elimu ya ukoo.

Basi atakaye kutambua nyuso na aanzie kwa wajukuu, kwa lugha yao. Akikosa jina, aache pengo wazi, kwani huenda kesho akaja mjukuu akalijaza. Jina la kubahatisha humzika mtu mara ya pili.