Barafu ya Mtaa wa Carlton Bado Ipo

BARUA YA TORONTO
Na Zuhura Mbarouk

Kwa miaka 25, kuanzia 1942 hadi 1967, ligi ya NHL ya hoki ya barafuni ilikuwa na timu sita tu, na kila timu ilikuwa na ukumbi wake. Ukumbi wa Detroit ulibomolewa 1987. Wa Chicago ulifuata 1995, mahali pake pakawa maegesho ya magari. Boston waliuvunja wao 1998. Madison Square Garden ya enzi hizo, kule New York, ilikwisha kuangushwa zamani. Forum ya Montreal imesimama, lakini ndani mna sinema na maduka. Ukumbi uliobaki na barafu ni mmoja: Maple Leaf Gardens, kwenye kona ya mitaa ya Carlton na Church, hapa Toronto.

Nimewasikia watu wengi, wenyeji kwa wageni, wakisema kwamba ukumbi huo nao umekufa, eti kwa sababu sakafu ya chini imegeuzwa supamaketi. Siwaungi mkono. Naona ndio uliookolewa vizuri kuliko yote, na waliouokoa ni watu wa aina ileile ya waliousimamisha tangu mwanzo: watu wa kipato kidogo waliochanga.

Mwaka wa 1931 uchumi wa dunia ulikuwa taabani. Conn Smythe, bosi wa timu ya Toronto Maple Leafs, alitaka ukumbi mpya wakati ambao hata matajiri walikuwa wamefunga pochi. Alikuwa mtu wa kuthubutu. Mwaka uliotangulia farasi wake aitwaye Rare Jewel, ambaye hakuna aliyemtarajia, alishinda mbio, na fedha za dau alilomwekea zikamsaidia kumnunua beki King Clancy kutoka Ottawa. Lakini ukumbi haujengwi kwa fedha za dau. Mtaji ulipopungua, mtu wake wa karibu, Frank Selke, aliyewahi kuwa fundi umeme na mwanachama wa chama cha wafanyakazi, alikwenda kuzungumza na vyama vya mafundi. Wakakubaliana kwamba sehemu ya ujira, asilimia 20, ilipwe kwa hisa za jengo lenyewe.

Naomba msomaji atue hapa kidogo. Ni wakati wa njaa, kazi hazipatikani, na fundi wa kujenga anakubali kupeleka nyumbani mshahara uliopungua pamoja na karatasi inayosema kwamba kipande cha ukumbi huu ni chake. Ujenzi ulianza Juni 1. Novemba 12 ya mwaka uleule milango ikafunguliwa, na watu zaidi ya 13,000 wakaingia kuwatazama Leafs wakifungwa na Chicago 2–1. Miezi mitano na ushee tu! Kuba la chuma lilifunika ukumbi mzima bila nguzo hata moja katikati, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuketi nyuma ya nguzo akihadithiwa mechi na jirani yake.

Kwenda Gardens kulikuwa na adabu zake. Smythe alitaka wanaume wa viti vya mbele waje na koti na tai, na wengi walitii. Baadaye viti vilijulikana kwa rangi, na rangi ilitangaza mfuko wa mtu: dhahabu karibu na barafu, kisha nyekundu, hadi kijivu juu kabisa. Asiyeweza kulipia hata kijivu alikuwa na redio. Jumamosi usiku Foster Hewitt aliketi kwenye kibanda kilichoning'inia karibu na dari na kuitangazia Kanada nzima. Aliyekulia Tanga au Kisumu akiwa ameegemeza sikio kwenye redio ya jirani siku ya mechi kubwa ya kandanda hahitaji kuelezwa sauti ya namna hiyo inavyoweza kumketisha mtu uwanjani.

Leafs walitwaa Kombe la Stanley mara 11 wakiwa na makao yao pale, la mwisho mwaka wa 1967. Hadi leo hawajalipata tena, na mji huu haujaacha kuuguza kidonda hicho.

Lakini Gardens haikuwa ya hoki peke yake. Machi 1966 Muhammad Ali alikuwa amekataa vita vya Vietnam, na miji ya Marekani ikamfungia milango mmoja baada ya mwingine. Toronto ilimfungulia. Machi 29 alipigana raundi 15 na mwana wa mji huu, George Chuvalo, akashinda kwa pointi, ila hakumwangusha. Smythe alichukia pambano lile hadi akajiuzulu ukurugenzi wa jengo alilolijenga mwenyewe. Nampa heshima yake kwa ukumbi, lakini siku ile ukumbi ulikuwa upande wa haki kuliko yeye.

Kuna mambo yasiyopasa kufichwa chini ya mapenzi. Enzi za mmiliki Harold Ballard kibanda cha Hewitt kilitupwa kwenye tanuru mwaka wa 1979, na hilo ndilo dogo. Kubwa lilifichuka 1997: kwa miaka mingi baadhi ya wafanyakazi wa ukumbi walikuwa wakiwanajisi wavulana, wakiwavuta kwa tiketi na fimbo za hoki. Baadhi ya wahusika walifikishwa mahakamani wakatiwa hatiani. Mtu anayeisimulia Gardens kwa makombe peke yake anawanyima watoto wale haki yao kwa mara ya pili.

Mechi ya mwisho ya Leafs pale ilichezwa Februari 13, 1999. Mpinzani alikuwa Chicago vilevile, na Leafs wakafungwa 6–2. Harold March, aliyewafungia Chicago bao la kwanza la usiku wa ufunguzi, alirudi akiwa na umri wa miaka 90. Timu ilihamia ukumbi ambao leo unaitwa Scotiabank Arena, hatua chache kutoka stesheni ya Union. Nawasifu kwa kubaki katikati ya mji, kwa sababu mtu anashuka kwenye treni na kutembea hadi kitini. Bei ya tiketi ni habari nyingine. Familia ya dereva wa teksi itafikiri mara nyingi kabla ya kuzilipa.

Kampuni ya maduka ya Loblaw ililinunua jengo la Carlton mwaka 2004, likakaa miaka bila uhai. Kilicholiokoa ni ushirika kati ya duka hilo na Chuo Kikuu cha Ryerson, ambacho sasa kinaitwa Toronto Metropolitan. Serikali ya Kanada ilitia mkono, na wanafunzi wenyewe wakapiga kura kukubali kuongezewa ada ili wachangie. Wanafunzi hao, wengi wakiwa watoto wa wahamiaji, walifanya kile walichofanya mafundi wa 1931. Supamaketi ilifunguliwa 2011, na mwaka uliofuata barafu ikarudi, safari hii juu, chini ya kuba lilelile.

Kufika ni rahisi. Shuka kituo cha College, ambako kuta za majukwaa zina michoro ya wachezaji wa Toronto na Montreal wakitazamana kuvuka reli, au panda tramu namba 506. Dukani, baina ya rafu, utaona doa jekundu sakafuni: hapo ndipo palipokuwa katikati ya barafu ya zamani, na wanunuzi wanasukuma vitoroli juu yake. Ukutani kuna jani kubwa la buluu, nembo ya timu, lililoundwa kwa viti vilivyong'olewa. Kisha panda juu. Baridi itakushika usoni kabla hujaona kitu. Nairobi wanaijua baridi hiyo kwa barafu ya hoteli ya Panari, walikojifunzia vijana wa timu ya hoki ya Kenya Ice Lions, ambao mwaka 2018 walialikwa Kanada wakateleza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby. Kaa mstari wa mbele. Utasikia vyuma vya viatu vikikwaruza barafu mchezaji anapokata kona, na kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kikigonga ubao mbele ya magoti yako hadi benchi litetemeke. Ukiinua macho, chuma cha 1931 kiko karibu kuliko walivyokiona watazamaji wa zamani, kwa kuwa sakafu imepanda na paa limebaki pale pale.

Januari 1, 2024, ligi mpya ya wanawake wa kulipwa, PWHL, ilichagua barafu hii kwa mechi yake ya kwanza kabisa. New York waliifunga Toronto 4–0. Viti, visivyofika 3,000, vilikuwa vimekwisha kuuzwa, na viliendelea kuisha wiki baada ya wiki, mbele ya wasichana wadogo waliokuja na mabango waliyoyaandika wenyewe. Msimu uliofuata timu ililazimika kuhamia Coliseum, kwenye viwanja vya maonyesho, kwa sababu watu walikuwa wengi kuliko viti.